Kabla ya tofali la kwanza, uliza ardhi ni ya nani

Ukitoka Lubumbashi kwa barabara ya Kipushi, ya Likasi au ya Kasenga, utakutana na vibao kando ya njia: shamba linauzwa, viwanja vinauzwa, piga simu namba hii. Mji umejaa. Kodi ya nyumba inadaiwa kwa dola, viwanja vya katikati vimekuwa vya wenye uwezo, na mtu wa mshahara wa kawaida ameanza kuangalia vijijini. Katika wilaya ya Kipushi, au teritware kama tunavyozoea kusema, bei ya kiwanja kidogo cha mjini inaweza kumpatia shamba zima la kujenga nyumba, kulima mahindi na kufuga kuku.

Ni ndoto halali, na makala hii haikuandikwa ili kuivunja. Tatizo ni namna tunavyoinunua. Mtu anaweka akiba miaka kumi, anakutana na komisioneri siku ya Jumamosi, anaonyeshwa pori, anapelekwa kwa mfumu wa kijiji, anatoa pesa, anapewa karatasi yenye muhuri, na Jumatatu matofali yanaanza kushushwa. Miezi sita baadaye anatokea mtu wa pili mwenye karatasi kama ile ile, au wa tatu mwenye hati ya serikali, au mama mjane anayesema hapa ndipo alipolima tangu alipoolewa. Nyumba imefika kwenye linta. Nani abomoe?

Sheria ya nchi yetu imeweka hatua moja kabla ya ardhi ya kijijini kutolewa kwa mtu: uchunguzi wa mahali penyewe, mbele ya watu wa hapo. Karibu kila mnunuzi mdogo anaruka hatua hiyo, na serikali inaacha irukwe. Kwa maoni yangu, uchunguzi huo ndio kinga kubwa kuliko zote, kwa mnunuzi na kwa mwanakijiji pia. Mnunuzi aache kuuona kama kero ya ofisi, na serikali iulete karibu na watu.

Anayeuza anauza nini?

Tuanze na jambo ambalo komisioneri hatakwambia. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 kuhusu mali na ardhi, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema katika kifungu cha 53 kwamba udongo wa Kongo ni mali ya Serikali peke yake, hauuzwi wala haupotei kwa muda kupita. Raia hamiliki udongo. Anapewa haki ya kuutumia, inayoitwa konsesio, na kile anachojenga juu yake ndicho kinakuwa mali yake. Kifungu cha 219 kinaongeza kwamba haki hiyo inathibitishwa kisheria kwa cheti cha usajili tu, kile tunachokiita sertifika, kinachotolewa na konsevateri wa hati za ardhi.

Kwa hiyo karatasi ya mfumu siyo hati. Hata hivyo, mfumu siye mdanganyifu kwa sababu tu ametoa karatasi. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 387, iliingiza ardhi za vijiji katika ardhi za Serikali, kisha katika kifungu cha 389 ikaahidi kwamba amri ya Rais itakuja kueleza haki za wanakijiji juu ya ardhi wanazoishi na kulima. Miongo ikapita bila amri hiyo kutoka. Mwaka 2006 Katiba, katika kifungu cha 34, ilisema kwamba Serikali inalinda mali ya mtu au ya jamii iliyopatikana kwa njia ya sheria au ya desturi. Mwaka 2013 ikaundwa tume ya taifa ya mageuzi ya ardhi, CONAREF. Wakati wa mijadala hiyo yote, wanakijiji waliendelea kuishi kama walivyoishi: mfumu anagawa, familia inalima, watoto wanarithi.

Hapo ndipo pengo lilipo, na humo ndimo wauzaji wabaya wanapofanyia kazi. Mtu mmoja anauza kwa desturi, mwingine anauza kwa karatasi ya ofisi, na kila mmoja anaweza kudai kuwa yuko sahihi. Mnunuzi anayesikiliza upande mmoja tu amenunua nusu ya jambo.

Desturi yenyewe haifanani nchini kote. Kule Bushi, Kivu Kusini, watu wanatofautisha kalinzi na bwasa. Anayetoa kalinzi kwa mwami anapata haki ya kudumu ambayo watoto wake watairithi. Mwenye bwasa amepewa ruhusa ya kulima kwa muda tu. Ukinunua shamba kwa mtu wa bwasa, umenunua kutoka kwa mpangaji. Huku Katanga maneno ni mengine, lakini swali ni lile lile. Huyu anayenionyesha mpaka, je, alipewa ardhi hii moja kwa moja au aliazimwa? Ni yake mwenyewe au ya ukoo? Kama ni ya ukoo, kaka zake wako wapi, na dada zake je?

Uchunguzi unaoogopwa

Katika vifungu vya 193 na kuendelea, sheria inataka kila shughuli juu ya ardhi ya kijijini ipitie uchunguzi kabla ya mkataba. Afisa anatakiwa afike mahali penyewe. Akague mipaka. Aandike watu wote anaowakuta pale au wanaofanya kazi pale. Aeleze kilichopo juu ya ardhi: msitu, mto, njia za watu. Asikilize yeyote mwenye madai au maoni ya mdomo, na apokee yaliyoandikwa.

Soma tena orodha hiyo kwa macho ya mnunuzi. Kila balaa linaloweza kukuangukia baadaye, uchunguzi huu unalitafuta leo. Mjane anayelima upande wa chini ataandikwa. Jirani anayesema mpaka ni mti ule na siyo huu atasikilizwa. Njia ambayo kijiji kizima kinapitia kwenda kisimani itachorwa, na utaelewa kwa nini huwezi kuifungia ndani ya ukuta wako.

Chukua mfano wa mwalimu anayenunua hekta moja. Bila uchunguzi, ameshika karatasi yenye majina mawili, la muuzaji na la mfumu. Baada ya uchunguzi, ana majina ya majirani wa pande nne, ana mchoro wa kadastre, na ana kijiji kizima kilichoona siku ile watu wakipima. Siku mtu wa pili akija na karatasi yake, mwalimu huyu ana mashahidi. Yule wa kwanza ana muhuri tu, na mihuri inachongwa sokoni.

Baada ya hapo njia inaendelea. Kwa kawaida mtu anapewa kwanza mkataba wa kukodi kutoka Serikali, usiozidi miaka mitatu, ili aonyeshe kwamba anaitumia ardhi kweli, kwa kujenga au kulima. Akitimiza, raia wa Kongo anaweza kupata konsesio ya daima pamoja na cheti chake. Hiyo ndiyo sababu kununua ekari kumi na kuziacha zimeota nyasi kwa miaka mingi ni kujitafutia taabu. Sheria inataka ardhi itumike, na kijiji pia hakiheshimu mwenye shamba asiyeonekana.

Mwanakijiji naye ana la kupoteza

Mpaka hapa nimezungumza kama vile hatari yote iko kwa mtu wa mjini. Siyo kweli. Kifungu cha 227 kinasema cheti cha usajili kikishatimiza miaka miwili hakiwezi tena kushambuliwa. Aliyedhulumiwa anabaki na kesi ya kudai fidia, lakini ardhi yenyewe haimrudii.

Fikiri maana yake kijijini. Mtu mwenye jamaa ofisini anaweza kupata cheti juu ya mashamba ya watu bila wao kujua, akakaa kimya miaka miwili, ndipo aje na polisi na trekta. Wanakijiji watasema tuko hapa tangu babu. Hakimu ataangalia tarehe. Uchunguzi wa mahali penyewe uliwekwa ili jambo hili lisitokee, kwa sababu afisa aliyefika kweli hawezi kuandika kwamba ardhi haina mtu huku anatazama mahindi yaliyofika kifuani. Uchunguzi ukifanyika kwenye meza ya mjini, karatasi itasema pori tupu.

Kwa hiyo wafumu wetu wasiogope afisa wa ardhi kuja kijijini, wamwite. Na waache kuuza peke yao usiku. Sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 imewapa viongozi wa kimila hadhi yao. Hadhi hiyo inaharibika pale kijana wa kijiji anapoamka na kukuta sehemu aliyotegemea kulima imekwisha kwenda, pesa zimenunua pikipiki, naye sasa anaomba kazi ya ulinzi kwenye ukuta uliojengwa juu ya shamba la mama yake. Kijiji kinachouza kila kitu leo hakitakuwa na cha kugawa kesho.

Chini ya nyumba kuna nini?

Katika mikoa ya shaba na kobalti kuna swali jingine ambalo mnunuzi wa Kisangani au Beni haulizi mara nyingi. Kanuni ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inatenganisha haki ya juu ya ardhi na haki ya kilicho chini. Cheti chako cha nyumba hakikupi madini. Na mtu mwenye kibali cha madini anaweza kuwa ameshapewa eneo hilo hilo kabla hujafika. Mraba mmoja wa madini kwenye ramani ni karibu hekta 85, kwa hiyo kijiji kizima na mashamba yake kinaweza kuingia ndani ya miraba michache bila mtu kuona kibao chochote.

Mwenye kibali anadaiwa fidia kwa anayeishi juu ya ardhi. Lakini fidia inabishaniwa, na asiye na hati anabishana akiwa dhaifu. Tumeona Kasulo, kule Kolwezi. Kobalti ilipogunduliwa chini ya mtaa mwaka 2014, watu walichimba hadi ndani ya viwanja na chini ya sakafu za nyumba, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikahamishwa ikazungushiwa uzio. Ofisi ya kadastre ya madini, CAMI, ina ramani za vibali. Kabla ya kulipa, chukua vipimo vya shamba kwa simu yako, nenda ukaulize. Swali hilo halikugharimu sawa na nyumba.

Maji nayo yana karatasi yake

Watu wengi hununua wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, kwa sababu barabara inapitika na matofali yanakauka. Ni wakati mzuri wa kujenga na wakati mbaya wa kuchagua. Sehemu inayoonekana tambarare, yenye nyasi nzuri na bei nafuu, mara nyingi ni dembo. Ifikapo Januari maji yanasimama, choo kinafurika, na kisima kilicho karibu nacho kinakuwa cha ugonjwa. Rudi kuona shamba mvua ikiwa imenyesha wiki nzima. Uliza wazee mto ulifika wapi mwaka uliofurika zaidi. Angalia vichuguu viko wapi. Fundi wa matofali anavitafuta kwa sababu ya udongo wake, lakini ukivichimba vyote karibu na nyumba unabaki na mashimo ya mbu.

Nchi hii haihitaji kukumbushwa kwamba maji yanaua. Mwezi Mei 2023, wilayani Kalehe, Kivu Kusini, mvua kubwa ilishusha maji, mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 wakafa. Afisa anayekuja kuandika mito na mabonde kabla ya ardhi kutolewa anaweza pia kusema: hapa pasijengwe. Ni maneno machache yanayoweza kuokoa familia.

Ndugu walio ng'ambo

Sehemu ya pesa zinazojenga nyumba hizi inatoka kwa ndugu zetu walio Ulaya na Marekani. Kwao kuna mambo mawili. La kwanza, konsesio ya daima ni ya mtu mwenye uraia wa Kongo, na Katiba yetu inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu, haushikwi pamoja na mwingine. Aliyechukua pasi ya kigeni ajue kwamba haki anayoweza kupata ni ya aina nyingine, ya miaka isiyozidi 25 inayoweza kurudiwa. Kuandika shamba kwa jina la mdogo wako bila maelewano ya maandishi ni kupanda ugomvi ambao watoto wenu ndio watakaouvuna.

La pili, picha za WhatsApp siyo ukaguzi. Picha inaonyesha msingi na haionyeshi mpaka. Mtume mtu wa pili ambaye hakutumwa na muuzaji, azungumze na majirani bila haraka.

Njia ni ndefu, wanasema

Najua jibu. Ofisi iko mbali, faili linalala, kila meza inataka kitu kidogo, na afisa akija lazima ulipie mafuta, chakula na simu. Mtu wa mshahara mdogo akihesabu, anaona hati inakaribia bei ya shamba lenyewe. Kwa hiyo anabaki na karatasi ya mfumu na kumwachia Mungu. Malalamiko hayo ni ya kweli, na anayemlaumu mnunuzi peke yake hajawahi kusimama kwenye foleni hizo.

Lakini dawa ya njia ndefu ni kuifupisha, maana kuiruka kunatugharimu zaidi mahakamani. Serikali ya mkoa inaweza kufanya mambo ambayo hayahitaji sheria mpya. Ibandike bei rasmi ya kila hatua kwenye mlango wa ofisi ya wilaya na ya usultani, kwa franga, ili mwananchi ajue kipi ni ada na kipi ni rushwa. Ipange siku maalum za timu ya kadastre kuzunguka katika usultani, kijiji baada ya kijiji, ili gharama ya safari moja igawanywe na wanunuzi ishirini. Na kila usultani uwe na daftari moja la ardhi, lenye nakala kwa msimamizi wa wilaya, ambamo kila mgao wa mfumu unaandikwa siku hiyo hiyo pamoja na majina ya majirani. Daftari lililo wazi linamlinda mfumu mwaminifu na kumuumbua anayeuza mara mbili.

Wakati tukisubiri, mnunuzi afanye uchunguzi wake mwenyewe. Alale kijijini angalau usiku mmoja kabla ya kulipa. Aombe muuzaji akusanye ukoo, mke wake akiwemo, na watoto wakubwa wasaini. Atembee mpaka na majirani wa pande zote, siyo na komisioneri. Aulize kadastre ya wilaya na ile ya madini. Alipe kwa awamu, na awamu ya mwisho iende baada ya kupimwa. Na aanze faili la Serikali mapema, kwa sababu karatasi ya mfumu ni ushahidi mzuri wa kuanzia safari.

Muuzaji mkweli hatakasirika kwa maswali haya. Akikwambia kuna mteja mwingine anakuja kesho na pesa mkononi, mwache huyo mteja anunue. Pesa uliyochuma miaka kumi inaweza kusubiri miezi mitatu mingine, na mjane anayelima upande wa chini ana haki ya kuulizwa kabla matofali hayajashushwa.